Kuunda kompyuta ya nyumbani kwa bajeti ndogo: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo, sema unatafuta mashine ya nyumbani, na muuzaji atakurushia jibu kabla hujakaa: "Hii hapa bosi, Core i7, RAM nane." Wengi huondoka na mzigo kwa sababu ya hiyo i7, jina la prosesa, yaani ubongo wa mashine. Hakuna aliyetaja ni i7 ya mwaka gani, pawa saplai (kisanduku kinachoigawia mashine umeme) ina wati ngapi za kweli, wala kama mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) itakubali kuongezewa kitu kesho.

Msimamo wangu ni huu: mwenye fedha kidogo aanze kuzitumia pale ambapo kosa linamlazimisha kununua upya kila kitu. Pale ni pawili, mazabodi na pawa saplai. RAM (kumbukumbu ya kazi), SSD (hifadhi ya mafaili isiyo na kinachozunguka) na kadi ya grafiki (kipuri cha kutengeneza picha za skrini) huongezwa polepole, mwezi huu hiki, baada ya sikukuu kile. Dukani utasukumwa uende kinyume, kwa sababu RAM na i7 ndizo zinazoandikwa kwenye karatasi ya bei.

Bei za shilingi sitaziweka. RAM peke yake imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, baada ya viwanda vya chipu za kumbukumbu kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde, na bei ya mwezi uliopita inaweza kukupotosha. Pita maduka matatu kabla ya kutoa hata shilingi.

Hatua ya 1: Andika kazi zitakazofanyika

Chukua karatasi uandike programu zitakazofunguliwa siku ya kawaida, na nani atazifungua. Mwanafunzi wa sekondari anaandika, anasoma PDF na kufuatilia masomo YouTube. Mama anatunza hesabu za duka kwenye Excel. Kijana anabuni mabango na kadi za harusi. Mwingine anakata video za simu, na mwingine anataka mchezo wa GTA V jioni.

Kuandika, intaneti, Excel na mikutano ya Zoom vinatosheka na Core i3 au i5 ya kizazi cha 8 (hatua ya 3 itaeleza vizazi), RAM ya GB 8 na SSD ndogo. Hili ndilo kundi kubwa kuliko yote, na ndilo linalouziwa zaidi vitu lisivyovihitaji. Mbunifu wa mabango atafute GB 16 na monita yenye rangi za kuaminika. Kadi ya grafiki kwake haina haraka.

Mkata video aangalie jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa mfumo wa HEVC, ambao ni mzito kufunguliwa. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa za Intel tangu kizazi cha 7 ina sehemu maalumu ya kazi hiyo, na programu kama Premiere Pro huitumia. Ndiyo maana i5 ya kawaida isiyo na kadi yoyote inaweza kukata video za simu kwa ulaini kuliko prosesa kubwa isiyo na grafiki ndani. Anayetumia DaVinci Resolve yeye atahitaji kadi mapema, kwa kuwa programu hiyo huegemea sana grafiki.

Hatua ya 2: Hesabu fedha yote, si ya kasha tu

Bajeti nyingi hufia hapa. Mtu anamaliza fedha kwenye kasha na vilivyomo, kisha anakumbuka hana monita. Toa kwanza monita, kibodi, mausi, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) na leseni ya Windows kama hutatumia Linux, mfumo endeshi wa bure. Kilichobaki ndicho cha kasha. Kama nyumbani kuna televisheni yenye tundu la HDMI, itakushikilia miezi michache, ila maandishi madogo kwenye televisheni kubwa ya bei nafuu huchosha macho.

Kwa mashine ya vipuri vipya isiyo na kadi ya grafiki, kila shilingi 100 ya kasha mimi huigawa hivi: 45 prosesa na mazabodi, 20 RAM, 15 SSD, 20 pawa saplai na kasha lenyewe. Si sheria. Lakini ukiona orodha ya fundi ambayo pawa saplai na kasha vimepewa shilingi 8, uliza amebana wapi.

Hesabu na umeme pia. Mashine ya ofisi yenye i5, ikifanya kazi nyepesi pamoja na monita, hula kama wati 70. Saa tano kwa siku ni uniti 0.35, yaani takribani uniti 10 na nusu kwa mwezi kwenye LUKU. Mashine ya michezo yenye kadi kubwa hula mara kadhaa ya hapo ikiwa kazini.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma namba ya prosesa

Neno "Core i7" peke yake halikwambii kitu. Core i7-3770 ni ya mwaka 2012. Core i3-12100 ni ya 2022. Zote zina viini 4 (sehemu zinazofanya hesabu) na hushughulikia mikondo 8 ya kazi kwa pamoja, lakini kiini kimoja cha i3 hiyo hufanya kazi zaidi ya mara moja na nusu ya kiini cha i7 ile. Anayelipia jina atapata mashine ya polepole, tena yenye joto zaidi.

Soma tarakimu baada ya kistari. Zikiwa nne, ya kwanza ni kizazi: i5-8500 ni kizazi cha 8. Zikiwa tano, mbili za kwanza ni kizazi: i5-12400 ni cha 12. Kisha tazama herufi ya mwisho. F maana yake prosesa haina grafiki ndani. T ni ya kula umeme kidogo, na kasi yake imepunguzwa. Upande wa AMD, mshindani wa Intel, kwenye soketi ya AM4 (soketi ni kiti cha prosesa kwenye mazabodi), grafiki imo ndani ya zile zenye herufi G tu: Ryzen 5 5600G inayo, Ryzen 5 5600 haina.

Hapo ndipo penye mtego. Prosesa zisizo na grafiki huwa na bei ya kuvutia, mtu anazinunua bila kadi, anaunganisha kila kitu sawasawa, feni zinazunguka, na skrini inabaki nyeusi. Hakuna kilichoharibika. Hakuna tu kitu cha kutoa picha. Kama kadi haimo kwenye bajeti ya leo, F usiiguse.

Kuna mpaka mwingine wa kukumbuka. Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Kwa AMD, Ryzen za mfululizo wa 3000 kwenda mbele hazina shida. Kizazi cha 6 na cha 7 sasa vinauzwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Kama uko tayari kutumia Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure, hiyo ni nafasi nzuri. Kama shule au kazi inadai programu za Windows, anzia cha 8.

Hatua ya 4: Amua kati ya mtumba wa ofisini na vipuri vipya

Hapa nitasema wazi: kwa kundi la kwanza la hatua ya 1, mtumba wa ofisini unashinda. Kampuni za Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, na zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre hujaa Kariakoo na Luthuli Avenue kule Nairobi. OptiPlex 3060, 5060 na 7060 na EliteDesk 800 G4 ni za kizazi cha 8. Mara nyingi ndani yake kuna i5-8500, prosesa ya viini 6. RAM inakuja nayo, jambo lenye uzito kwa bei za sasa. Na leseni ya Windows kwa kawaida imeandikwa ndani ya mazabodi yenyewe: ukisimamisha Windows upya na mashine ikaingia intaneti, inajithibitisha bila kulipia chochote.

Zinakuja kwa maumbo matatu, na umbo ndilo linaloamua mustakabali wake. Ile kubwa ya kusimama ina nafasi ya kadi ya urefu wa kawaida. Ile nyembamba, inayoweza kulazwa chini ya monita, hukubali kadi fupi za kimo cha nusu tu. Ile ndogo kama kitabu kinene haikubali kadi kabisa, hutumia RAM za kompyuta mpakato na adapta ya nje. Ila kwa nyumba inayohesabu uniti za umeme ni nzuri sana.

Udhaifu wake ni kwamba vipuri vyake vingi ni vya mtengenezaji mwenyewe. Pawa saplai ya OptiPlex ina umbo na plagi zake, mazabodi haitahamia kwenye kasha la kawaida, na pawa saplai ya dukani haitaingia humo bila waya wa kubadilisha. Pawa saplai ikifa, unatafuta ileile kwenye mitumba. Kwa hiyo mtu anayejua kwamba mwakani atataka kadi kubwa ya michezo asianzie hapa.

Unapoikagua, ingia kwenye BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) palepale dukani. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iache, hata ingekuwa nusu bei. Tazama saa na tarehe: zikiwa zimerudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya CR2032 imekwisha, na hiyo ni kasoro ya bei ya soda. Angalia matundu ya nyuma pia, kwa sababu mashine nyingi za ofisini zina DisplayPort tu, na utahitaji adapta ya kwenda HDMI.

Hatua ya 5: Ukienda kwenye vipuri vipya, chagua mazabodi na prosesa kwa pamoja

Kwa bajeti ndogo, soketi zenye maana ni mbili. Ya kwanza ni AM4 ya AMD, iliyoipokea Ryzen ya kwanza mwaka 2017 na ambayo bado vipuri vyake, vipya na vya mtumba, vimejaa sokoni. Ryzen 5 5600G juu ya mazabodi ya B450 au B550 ni mashine ya familia iliyokamilika: viini 6, grafiki ndani, na GTA V inachezeka ukipunguza madoido. Ya pili ni LGA1700 ya Intel, inayokubali vizazi vya 12, 13 na 14. Unaanza na i3-12100, na baada ya miaka miwili unachomoa na kuweka i5 ya kizazi cha 13 ya mtumba bila kununua kipuri kingine. Soketi mpya zaidi ya AMD, AM5, ni nzuri na ina maisha marefu mbele, lakini hukubali DDR5 pekee, aina mpya ya RAM, na bei ya DDR5 kwa sasa inaitoa kwenye mazungumzo ya bajeti ndogo.

Kwa LGA1700 soma jina la mazabodi hadi mwisho, kwa sababu kuna za DDR4 na za DDR5, na zinafanana. Ya H610 ni ya bei ya chini na ina nafasi mbili za RAM. Za B660 na B760 mara nyingi zina nne. Mbili zinatosha nyumbani mradi usizijaze zote mbili na vipande vidogo.

Mtego wa mtumba uko kwenye LGA1151. Soketi hii ilitumika kwa vizazi vya 6 na 7, kisha Intel wakaitumia tena kwa vya 8 na 9 baada ya kubadilisha mambo ya ndani. Prosesa ya kizazi cha 8 inakaa vizuri kabisa kwenye mazabodi ya kizazi cha 6, lachi inafunga, na kompyuta haiwaki. Usikubali fundi akwambie "inaingia hiyo". Kuingia kunathibitisha umbo tu.

Ukinunua B450 ya zamani kwa ajili ya Ryzen 5000, mwambie muuzaji aiwashe ikiwa na prosesa hiyohiyo mbele yako. Mazabodi hizo zilitoka kabla ya prosesa hizo, na nyingine zinahitaji BIOS mpya kwanza. Kisha washa tochi ya simu ukague pini. Kwa Intel, pini ziko kwenye mazabodi. Kwa AM4 ziko chini ya prosesa. Pini moja iliyolala inatosha kuua nusu ya RAM au mashine nzima.

Hatua ya 6: RAM

Kwa bei za sasa, nunua GB 8 au 16 kulingana na karatasi yako ya hatua ya 1, usinunue ya kujionyesha. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, mkato wa kila moja uko mahali pake, kwa hiyo usilazimishe.

Kama unategemea grafiki ya ndani ya prosesa, vipande viwili vya GB 8 ni bora mno kuliko kimoja cha GB 16. Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM, na vipande viwili hufungua njia mbili za kupitishia data kwa wakati mmoja. Kwenye 5600G tofauti unaiona kwa macho ukicheza mchezo wowote. Asiyecheza hatahangaika nayo sana. Anunue kimoja leo, cha pili baadaye.

Utakutana pia na RAM za seva kwa bei ya kutupa, GB 16 kwa bei ya GB 4. Hazifanyi kazi kwenye mazabodi za kawaida. Na ukinunua RAM ya kasi ya 3200, ingia kwenye BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi iliyotangazwa), la sivyo nyingine zitakimbia kwa 2666 au hata 2133 na wewe ulishalipia zaidi.

Hatua ya 7: SSD

Usiweke Windows kwenye hadi diski ya kuzunguka. Hakuna kiasi cha RAM kitakachoiokoa mashine hiyo. SSD ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha, husoma kama MB 550 kwa sekunde; NVMe ya kawaida, inayopita njia ya kasi iitwayo PCIe 3, hufika MB 3,500. Kwa kazi za nyumbani utaiona tofauti kubwa kati ya hadi diski na SSD, na ndogo kati ya SATA na NVMe, hivyo bana hapa bila wasiwasi. GB 256 zinamtosha mwanafunzi. Hadi diski ya zamani iache ibaki ya pili, ya kuhifadhia picha za harusi na filamu.

M.2, SSD ya kipande chembamba kinacholala kwenye mazabodi, ni umbo tu. Kipande cha M.2 kinaweza kuwa SATA au NVMe, na nafasi iliyo kwenye mazabodi inaweza kukubali kimoja na kukataa kingine. Soma kitabu cha mazabodi kwanza.

Jihadhari na SSD zisizo na jina zinazojiita TB 2 kwa bei ya GB 256. Ndani yake mara nyingi mna chipu ndogo iliyodanganywa ijitambulishe kuwa kubwa: inakubali mafaili, kisha inayafuta ya kwanza kuandika ya mwisho. Programu ya H2testw hujaza diski nzima na kuisoma tena, na uongo hutokea hapohapo. Kwa SSD ya mtumba, CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ilizofanya kazi na asilimia ya afya iliyobaki.

Hatua ya 8: Pawa saplai, mahali pasipo na utani

Hiki ndicho kipuri ambacho hakiongezi kasi hata kidogo, na ndiyo maana hubanwa kuliko vyote. Ikifa vibaya huondoka na mazabodi, SSD na kadi kwa mpigo.

Kasha jipya la bei rahisi mara nyingi huja na pawa saplai ndani, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Puuza herufi hizo, geuza upande wenye jedwali, tafuta safu ya +12V na usome ampia. Zidisha kwa 12. Ikisema 16A, hiyo ni wati 192 kwenye njia ambayo prosesa na kadi hula karibu umeme wao wote. Ndizo wati unazonunua. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 itakuonyesha karibu wati 400 au zaidi kwenye +12V. Inyanyue pia: nyepesi kama kopo tupu maana yake ndani hakuna shaba wala kapasita za maana.

Unahitaji wati ngapi? Chache kuliko unavyoambiwa. Mashine ya i3-12100 isiyo na kadi haifiki wati 100 kwa kazi za kawaida. Ongeza kadi ya wati 75 na bado pawa saplai ya 450 iliyotengenezwa vizuri itakuwa imepumzika. Tafuta nembo ya 80 Plus (ya ufanisi wa umeme), kisha hakikisha na jina la kampuni, kwa sababu stika yoyote inaweza kuchapwa. Nikipewa kuchagua kati ya mpya isiyo na jina na ya mtumba ya kampuni inayojulikana iliyotoka kwenye mashine inayowaka, nachukua ya mtumba.

Nyuma ya pawa saplai za zamani kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Mzigo uliotoka Marekani unaweza kuwa umewekwa 115, na ukiuchomeka hivyo utasikia mlio mmoja. Ihamishie 230 kabla ya kitu kingine.

Halafu UPS. Muuzaji atakutajia VA, wewe uliza wati: UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390. Haikusudiwi kukufanyisha kazi saa nzima. Inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima, na inapokea pigo la kwanza umeme unaporudi kwa kishindo. Printa ya leza usiichomeke humo, kwa kuwa inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Kagua pia kama soketi ya ukutani ina waya wa ethi unaofanya kazi. Kasha la chuma linalokung'ata vidole ukiligusa linakwambia haumo.

Hatua ya 9: Kadi ya grafiki, kama lazima

Kwa wengi hatua hii inarukwa. Kwa mchezaji mwenye mtumba wa ofisini, tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada, inayoishi kwa wati 75 za nafasi yake kwenye mazabodi. GTX 1650 ya GB 4 ipo kwa matoleo ya namna hiyo, mengine ya kimo cha nusu kwa makasha membamba. RX 6400 nayo inatosha kimo, ila hutumia njia 4 tu za PCIe, hivyo kwenye mazabodi ya zamani hupoteza kasi, na haina kifaa cha kusimba (kubana) video, jambo linalomuumiza anayerekodi michezo.

Kadi bandia zipo nyingi. Ya kawaida ni kadi ya miaka zaidi ya kumi iliyobadilishwa programu yake ya ndani ijitaje kuwa GTX 1050 Ti. Windows inaamini. Programu ya bure ya GPU-Z haiamini, na huandika neno FAKE mbele ya jina. Beba GPU-Z kwenye flashi unapokwenda kununua. Ukiona tundu la VGA la bluu kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti, huna haja hata ya flashi.

Hatua ya 10: Kasha, joto, vumbi na chumvi

Kasha chagua kwa matundu ya hewa mbele, taa za rangi ziache. Ukubwa wa Micro-ATX unatosha: mazabodi zake hazizidi milimita 244 kwa 244. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja zina adui wa ziada, hewa yenye chumvi na unyevu, inayokula miguu ya RAM na nafasi za PCIe. Usiweke mashine dirishani upande wa bahari, na usiiweke sakafuni panapofagiliwa. Ukiwa na mtumba, mwombe fundi aondoe feni ya prosesa, asafishe, apake pesti mpya ya joto. Ile ya zamani huwa imekauka kama chokaa.

Prosesa mpya iliyo kwenye boksi lake, kama i3-12100 au 5600G, huja na feni. Ile inayouzwa ndani ya kiplastiki bila boksi haina. Uliza kabla ya kusherehekea punguzo.

Hatua ya 11: Siku ya kununua

Nenda asubuhi, siku ya kazi, kabla fundi hajazongwa na wateja. Vipuri vya mtumba viwashwe mbele yako, vyote, kwa pamoja. Mashine iache iwake nusu saa ukicheza video, kisha gusa kasha na usikilize feni. Fungua CPU-Z, programu ya bure inayosoma prosesa, ulinganishe jina la prosesa na ulichoambiwa. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB.

Ukutani kumeandikwa "Mali ikiuzwa hairudishwi", lakini waranti huzungumzwa kabla ya fedha kutoka mfukoni, na huandikwa kwenye risiti pamoja na namba ya kifaa. Dai risiti ya EFD. Bei "bila risiti" inaonekana tamu hadi pawa saplai inapokufa wiki ya pili na duka linasema halikujui.

Hatua ya 12: Kuunganisha na kuongeza

Bisibisi moja ya nyota inatosha. Kabla ya kufunga chochote kwenye kasha, weka mazabodi juu ya boksi lake, chomeka prosesa, feni, RAM na pawa saplai, uwashe. Picha ikija, zima, chomoa, ndipo uingize ndani, ukihakikisha kila skurubu ina kiguu chake cha shaba chini ya mazabodi. Kiguu kilichozidi hugusa mahali pasipotakiwa na kuleta shoti.

Makosa yanayoita mafundi bure ni yaleyale: waya wa prosesa wa pini 8 juu ya mazabodi umesahaulika, karatasi ya plastiki chini ya hitisinki (kipoza joto cha prosesa) haikubanduliwa, au monita imechomekwa kwenye mazabodi wakati kadi ipo. Ukiwa na vipande viwili vya RAM kwenye mazabodi ya nafasi nne, viweke ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa.

Fedha ikipatikana tena, anza na kipande cha pili cha RAM, chenye kasi ileile na cha kampuni ileile ukikipata. Kisha SSD kubwa zaidi, ile ndogo ibaki na Windows. Kadi ya grafiki ije mwisho, na kabla ya kuilipia pima kwa milimita nafasi iliyopo kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi feni ya mbele, uitoe na nafasi ya nyaya.